Pikipiki ya Masista Iliyokwenda Nkowe

Tangu nistaafu, vitu viwili ndivyo vinavyoniamsha asubuhi: jogoo wa jirani na simu ya Saidi. Jogoo nimemzoea. Saidi, kijana aliyeshika nafasi yangu dukani, hunipigia hata sijapiga mswaki. "Shikamoo Mzee Beda. Kuna mteja hapa, mrefu, anakaa Naipingo, anataka pikipiki. Nimpe ipi?" Na nyuma yake namsikia Neema, mwenzake wa kaunta: "Muulize na yule mama wa jana!" Nawapenda vijana hawa. Lakini mke wangu amesema kama nitaendelea kuuza pikipiki nikiwa kitandani, basi nirudi dukani na kitanda changu. Kwa hiyo naandika, ili Saidi asome na mimi nilale.

Ya vyeo na mshahara nayaruka. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio mnaoupokea ninyi. Nitaandika habari ya kazi yenyewe, yaani kumsaidia mtu achague pikipiki ndogo ya kumpeleka na kumrudisha, na habari ya watu walionifundisha. Kuna familia moja ya Nkowe nitakayoieleza kwa kirefu, maana kwao ndiko nilikojua kama kazi hii nimeielewa au la.

Niliingia dukani nikitokea sokoni, ambako nilikuwa fundi baiskeli. Wakati huo duka la Bi Zuhura pale Nachingwea mjini lilijaa baiskeli. Pikipiki zilikuwa chache, zimepangwa mbele kama maharusi, na watu walipita kuzitazama tu wakitoka kununua chumvi. Bi Zuhura aliniajiri kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, nilikuwa na mdomo. Nikaona nisimwangushe. Nikakariri kijitabu cha kiwandani chote, injini, tangi, betri, mpaka upana wa tairi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mkulima mmoja mpole, amevaa koti la harusi ya zamani. Nilimsomea pikipiki kuanzia taa ya mbele hadi taa ya nyuma. Alinisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilipomaliza akasema, "Ahsante sana, mwalimu," akaenda zake. Hakurudi.

Nyuma ya duka, chini ya banda la mabati, kulikuwa na kicheko. Aliyecheka alikuwa Fundi Albano, Mmakua, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kuja huku. Alikuwa na mikono mikubwa isiyotoka oili hata siku ya Krismasi. Aliniita.

"Beda, umemweleza pikipiki yote. Yeye umemuuliza nini?"

"Sikumuuliza kitu."

"Basi ulikuwa unaongea na pikipiki."

Akanitoa nje, akanionyesha baiskeli ya mteja mwingine iliyoegemezwa ukutani. Tairi la nyuma limekwisha, la mbele zima: mwenyewe hubeba mizigo mizito. Karia imeongezwa mbao pembeni: ni magunia, si madumu. Kiti kimepandishwa mpaka mwisho: miguu mirefu. Kwenye cheni kuna mchanga mwekundu, si mweusi, kwa hiyo tukajua hata upande anaotoka. Albano alisema mtu anayekuja kununua pikipiki husema habari ya maisha anayoyatamani, lakini baiskeli aliyoiacha nje inasema habari ya maisha anayoishi. Nilimcheka kidogo. Kisha mwenye baiskeli akatoka dukani, na kweli alikuwa mrefu kama mnazi, na kweli alikuwa akibeba magunia ya mihogo.

Tangu hapo nilikuwa natoka nje kwanza, natazama baiskeli, ndipo naingia kumsalimia mteja. Bi Zuhura alidhani nawakagua wezi.

Nikianza kueleza misimu ya korosho sitamaliza. Mnaijua. Mwanamume ambaye mwaka mzima alikuwa anafikiri kwa utulivu anaingia dukani na pesa za korosho, amevimba kifua, na kitu cha kwanza anachosema ni, "Nipe chuma." Chuma ni ile ndefu, nzito, yenye tangi kubwa na sauti ya kuwaamsha wafu. Hajauliza kipuri chake kinapatikana wapi. Hajauliza inakunywaje mafuta. Anataka ikiwashwa kijiji kijue. Wengi wao walikuwa wanatoka kwenye njia za mchanga ambako pikipiki nzito inazama na mwenyewe anabaki ameikumbatia.

Kwa watu hao nilianzisha mchezo wangu. Nilikuwa natandika magunia matupu sakafuni, nailaza pikipiki mpya polepole, kisha namwambia mteja, "Inyanyue." Akiweza, tunaendelea kuzungumza. Akishindwa, tunazungumza kuhusu nyingine. Mara ya kwanza Bi Zuhura alipokuta pikipiki yake mpya imelala chini, alishika kiuno na kuniuliza kama inaumwa. Lakini aliona wateja wangu hawarudi kulalamika, akaniachia. Na gunia langu la pumba, lile mnalolikalia siku hizi wakati wa chai, lilikuwa la kuweka kiti cha nyuma ili mtu ajue pikipiki inavyobadilika ikibeba mke au mbaazi. Msilikalie. Ni kifaa cha kazi.

Wateja wengine walinipa raha tu. Katekista mmoja wa upande wa Naipingo alitaka pikipiki isiyo na sauti kabisa. Ile yake ya zamani, alisema, ilikuwa inasikika toka mbali, na kila alipofika nyumba ya mtu alikuta pombe imefichwa na familia nzima imeshika rozari. Nikampa ndogo, tulivu, ya kwenda parokiani na vigangoni, isiyomaliza mafuta. Baada ya muda akarudi amenuna. "Beda, sasa naona mengi mno." Nilimwambia hilo si tatizo la injini.

Sasa nifike Nkowe.

Msimu ulikuwa unaishia, na dukani zilibaki pikipiki za kuhesabu. Mojawapo ilikuwa ndogo, ya rangi ya bluu iliyopauka, ile aina isiyo na klachi ya mkono: unakanyaga gia tu na mashine inajipanga yenyewe. Mbele ya kiti hakuna tangi, kuna uwazi wa kupitisha mguu. Masista wa misheni huzipenda hizo kwa sababu ya magauni yao, basi wanaume wote wa wilaya nzima wakaapa kutozigusa. Ya masista, ndivyo walivyoiita. Ilikaa kwenye kona muda mrefu hata Bi Zuhura akawa anaanika juu yake vitambaa vya kufutia vioo.

Asubuhi hiyo waliingia mume na mke. Mume, Mzee Hassani Likwena, alitembea kwa kuburuta kidogo, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki nyekundu, ndefu kuliko zote, akaweka mkono juu ya tangi. "Hii," akasema. Mkewe, Bi Somoe, alibaki karibu na mlango. Mimi nikaona si adabu kumwacha mama amesimama bila kuulizwa kitu. Ukubwa wa injini sisi wauzaji tunautaja kwa zile herufi mbili zinazoandikwa ubavuni, cc, na kwa midomo yetu zinatoka "sisi": sisi mia, sisi mia na ishirini na tano. Nikamuuliza kwa uchangamfu wangu wa dukani, "Na wewe mama, ninyi mlikuwa mnafikiria sisi ngapi?"

Alinitazama. Kiswahili alikijua cha shuleni na sokoni, nyumbani kwao ni Kimwera. Akahesabu kwa vidole.

"Sisi watatu," akasema. "Mimi, Baba Rehema, na Rehema mwenyewe. Ila Rehema mguu wake mmoja hauna nguvu."

Vijana wa bodaboda waliokuja kununua oili waliangua kicheko. Mmoja alirudia, "Sisi watatu!" akipiga meza. Bi Somoe akavuta khanga yake hadi mdomoni. Nami, nisiwafiche, nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke. Niliufunga kwa sababu ya yale maneno ya mwisho. Mumewe alikuwa ameshachagua pikipiki, na habari ya mguu wa mtoto haikuwa imetajwa kabisa. Isingetajwa, kama mama huyu asingejibu swali ambalo mimi sikujua kwamba nimeliuliza.

Tangu siku hiyo sikumuuliza mteja sisi ngapi kabla ya kumuuliza ninyi ni akina nani.

Niliwaketisha kwenye benchi, Albano akaleta chai, na habari ikatoka. Rehema alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki. Mguu wake wa kulia ulinyauka tangu utotoni, anatembelea mkongojo. Alikuwa amefaulu kwenda sekondari ya kata, na shule iko mbali, njia yote mchanga. Baba yake alikuwa akimpeleka kwa baiskeli, kisha akateleza akaanguka kutoka kwenye mkorosho na nyonga yake haikupona vizuri. Sasa mtoto alikuwa akikosa siku nyingi. Shule ilishauri apangishiwe chumba karibu, hayo mageto wanayokaa wanafunzi.

"Geto hapana," Bi Somoe alisema, na safari hii hakushika khanga. "Wataniambia wenzake watamsaidia. Akishikwa na haja, mvua inanyesha, choo kiko nje, nani atamwinua? Wenzake nao ni watoto."

"Basi ndiyo tunanunua pikipiki," Mzee Hassani alisema. "Pikipiki haina pedeli. Mimi nitaendesha."

"Na tukikosea hii, Kaka Beda," mkewe akaongeza, "hakuna nyingine. Rehema atakaa nyumbani."

Sikuwa nimewahi kuambiwa jambo hivyo, waziwazi, katikati ya duka. Niliwaomba wasinunue siku ile. Nikawaambia Jumapili nitafika mwenyewe Nkowe na pikipiki mbili, ile nyekundu na ile ya masista, mtoto azijaribu.

Bi Zuhura aliniita pembeni. "Beda, mteja ameshashika tangi, wewe unamwambia asubiri? Msimu unaisha hivi. Ataingia duka la jirani."

"Bi mkubwa, hajui atapandaje yule mtoto."

"Na wewe unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kwenda."

Alinitazama sana. Kisha akaondoa vitambaa vyake juu ya ile ya bluu, kimoja kimoja, akavikunja. "Zikirudi na vumbi, utaosha. Zikirudi na mkwaruzo, tusalimiane kwa mbali." Bi Zuhura alikuwa na njia yake ya kusema ndiyo. Nikikumbuka watu ninaodaiwa shukrani hapa duniani, yeye yuko juu kabisa.

Jumapili hiyo sikufika misani, padri anisamehe. Mimi nilipanda ile nyekundu, Fundi Albano akapanda ya masista, magoti yake yakiwa karibu na masikio, tukashika njia ya Ruangwa. Watoto wa kila kijiji walimshangilia. Alikuwa anawapungia mkono kama askofu.

Rehema tulimkuta amekaa mkekani akipepeta mbaazi. Msichana mwembamba, macho makali, sare yake ya shule imeanikwa kwenye kamba ingawa kesho yake hakuwa na uhakika wa kwenda. Alitupa shikamoo zetu, akazitazama pikipiki, akarudia mbaazi zake.

Tulianza na nyekundu kwa heshima ya baba. Kiti kilikuwa juu mno. Mzee Hassani alimshika binti yake kwapani, mimi nikashika mguu, tukamrusha juu. Alipanda kama gunia linavyopanda lori. Alikaa pale juu amefumba macho, mkono mmoja umeshika bega la baba yake, na ule mguu mgonjwa ukaning'inia karibu kabisa na bomba la moshi, kwa sababu bomba liko kulia. Mzee Hassani akajaribu kuisimamisha pikipiki kutoka kwenye stendi. Nyonga ikakataa. Aliuma meno, akajaribu tena, tukaidaka sote watatu kabla haijaanguka na mtoto.

Tulimshusha Rehema. Baba yake alikwenda kusimama kwenye kivuli cha jiko, ametupa mgongo.

Hapo ndipo Fundi Albano, ambaye tangu tufike hakuwa amezitazama pikipiki hata mara moja, alipouliza polepole, "Hii baiskeli ni ya nani?"

Ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko. Kwenye karia palifungwa mto mdogo kwa kamba za mpira. Nami nikaitazama kama alivyonifundisha, na nikaona. Kiti cha mbele kilikuwa kimeshushwa mpaka chini kabisa. Mzee Hassani alikuwa mtu mrefu. Magoti yake yangegonga usukani.

"Mama Rehema," Albano akasema, "unaiendesha wewe?"

Bi Somoe alimtazama mumewe. Alisubiri. Ni mumewe aliyejibu, bila kugeuka.

"Anaiendesha yeye. Tangu nianguke. Anampeleka, anarudi shamba, anamfuata. Siku akichoka ndizo siku mtoto anazokosa."

Nilielewa kwa nini alitaka ile ndefu nyekundu. Mtu aliyekuwa akimbeba binti yake na sasa anamtazama mkewe akisukuma mchangani, hataki pikipiki ya masista. Sikumlaumu na simlaumu leo.

Nikaenda kwa Rehema. Mpaka saa ile tulikuwa tumeongea na kila mtu isipokuwa yeye. "Jaribu hii nyingine," nikamwambia. "Tusikushike?"

"Msinishike."

Alisogea na mkongojo wake mpaka ubavuni kwa ile ya bluu. Akaichunguza. Akaukamata mguu wake wa kulia kwa mikono, akaupitisha kwenye ule uwazi wa mbele usio na tangi, akaketi kiti cha mbele, kisha akajisukuma kwa mikono, taratibu, mpaka kiti cha nyuma. Akaweka mkongojo wake mapajani. Akainua uso.

"Hii napanda mwenyewe," alisema.

Jamani, nimeuza pikipiki nyingi. Sijawahi kusikia sifa ya pikipiki inayoizidi hiyo.

Bi Somoe alipanda mbele yake bila kuambiwa. Mtu anayeweza kusukuma baiskeli ndani ya mchanga na mtoto nyuma ana mizani kuliko bodaboda wote wa Nachingwea. Nilimwonyesha gia, nikamwonyesha breki, tukaenda uwanja wa shule ya msingi ya jirani, nikakimbia pembeni yao uwanja mzima mpaka pumzi ikaisha. Mara ya kwanza ilizima. Mara ya pili ilirukaruka kama mbuzi. Kisha ikatulia.

"Watu watasema nini?" Mzee Hassani aliuliza. Alikuwa ametufuata uwanjani akichechemea. "Mke wangu, juu ya pikipiki ya masista?"

Bi Somoe alizima injini ili amjibu vizuri. "Watasema Rehema anakwenda shule, Baba Rehema."

Mzee akainama, akaukung'uta mchanga kwenye mguu wa binti yake pale ulipogusa chini, akasema, "Basi muifute vumbi mkirudi, isije ikapauka zaidi."

Hatukuiacha siku ile. Albano aliirudisha bandani kwake akaifanyia kazi kabla ya kuikabidhi. Alichomelea kibati chenye ukingo pale nyuma upande wa kulia, ili mguu wa Rehema ukae ndani usiteleze kwenda kwenye bomba. Mimi nilihakikisha mambo ambayo nanyi msiyasahau: kama cheni, plagi na viatu vya breki vinapatikana Ruangwa na hata kwa fundi wa kijijini, si Dar tu. Pikipiki nzuri isiyo na kipuri ni kabati. Na nikamwambia Bi Somoe hatoki nayo barabarani bila kujifunza kwa mwalimu na kupata leseni. Alipata. Mwalimu wake aliniambia mwanafunzi pekee aliyemkosoa darasani alikuwa yeye.

Muhula ulipofunguliwa nilitafuta sababu ya kwenda upande ule. Nilisema napeleka oili. Niliwaona wakiingia geti la shule mapema, mama kanyooka mbele, mtoto nyuma na madaftari. Rehema alishuka mwenyewe. Hawakuniona, nami sikuwaita. Nilirudi Nachingwea na oili yangu.

Walikuwa wakija dukani mara moja moja kubadilisha tairi au kuangaliwa breki, na Bi Somoe akawa anauliza maswali kuliko mafundi. Rehema alipanda kidato hadi kidato. Halafu siku moja, akiwa amekua, alibaki nyuma wakati mama yake yuko kaunta, akaenda bandani kwa Fundi Albano.

"Babu, mimi nikitaka kuendesha?"

Albano alikuwa ameanza kuona kwa shida. Aliikagua pikipiki kwa kuipapasa. Gia iko mguu wa kushoto, mguu wake mzuri. Kuwasha kuna kitufe. Tatizo ni breki ya nyuma, inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Akaugusa usukani upande wa kushoto, pale ambapo pikipiki nyingine zina mkono wa klachi. Kwenye ya masista pako patupu. Akaanza kucheka kile kicheko chake cha siku yangu ya kwanza.

"Beda, njoo uone. Mungu alishaacha nafasi."

Alifunga pale mkono wa breki, akauvutia waya mpaka gurudumu la nyuma, breki zote mbili zikawa mikononi, kama za baiskeli. Aliifanya kazi hiyo siku nzima na hakutaka kusaidiwa. Niliijaribu mwenyewe, kisha yule mwalimu wa udereva akaijaribu, ndipo Rehema akaanza kujifunza. Ilikuwa karibu kazi ya mwisho ya Fundi Albano. Macho yalikwisha, akaenda kukaa kwa wanawe, na Mungu akamchukua. Kila kitu kizuri nilichofanya dukani mnachonisifia, nilikitoa kwenye lile banda la mabati. Nasema ahsante kwake kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo tulikuwa tunataniana tu.

Basi Saidi, Neema, mnaniuliza mumpe nani ipi. Msiitazame pikipiki kwanza. Tokeni nje mkaone amekuja na nini. Ulizeni nani atapanda, nani atabebwa, njia ina mchanga au kokoto, ikianguka nani yuko karibu. Kama kuna mtu nyumbani ambaye hakuja, na pikipiki inanunuliwa kwa ajili yake, msiuze mpaka mmemsikia. Bi Zuhura atanung'unika. Mwacheni anung'unike, huku mkitazama mikono yake itafanya nini.

Namalizia na wiki yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nafuta kaunta, nikasikia injini ndogo ikipunguza mwendo nje, na sauti yake nikaijua. Alikuwa Rehema, peke yake, kofia ngumu kichwani. Nyuma kafunga godoro lililoviringishwa, ndoo, na mkongojo umelazwa ubavuni. Alishuka kwa utaratibu wake, akanipa shikamoo. Alikuwa amechaguliwa chuo cha ualimu, hapahapa Nachingwea, na alikuwa anakwenda kuripoti.

Nilifurahi hata nikasahau kitambaa mkononi. Nikatazama nyuma yake, maana tangu waichukue pikipiki ile sikuwahi kuiona bila Bi Somoe, mbele au nyuma.

"Mama yuko wapi?"

"Nimemwacha njia panda, babu. Alinisindikiza mpaka pale, akashuka, akakaza kamba za godoro."

"Na pikipiki utairudisha lini Nkowe?"

"Sirudishi. Kasema chuo ni kikubwa, madarasa yako mbalimbali. Nikae nayo."

Nilifikiria shamba lao lilivyo mbali, na kisima, na soko, na ile njia ya mchanga, na mzee mwenye nyonga mbovu anayesubiri nyumbani.

"Sasa yeye atatembeaje?"

Rehema alikuwa anajifunga kofia. Aliukaza mkanda chini ya kidevu kabla ya kunijibu.

"Na mimi nilimuuliza hivyohivyo, babu. Kasema yeye ana miguu miwili."